Uchafu au joto: kipi kinawaumiza zaidi wadudu wadogo wa Ziwa Victoria?

Dagaa unaowanunua Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, wamekua kwa kula vijidudu vya majini vilivyo kama punje za chumvi. Vijidudu hivyo vinabanwa na mambo mawili.

Uchafu unauona. Mvua ikinyesha, Mto Mirongo unakatiza mjini ukibeba maji taka, chupa na kandambili hadi ziwani. Nitrojeni na fosforasi iliyomo ni mbolea kwa sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mimea, na siku isiyo na upepo ufukwe huwa kama umemwagiwa rangi ya kijani. Bakteria hao hushikamana mabonge ambayo vijidudu haviwezi kuyala, wengine hutoa sumu, na wakifa kuoza kwao hunyonya oksijeni.

Joto halionekani. Maji ya vuguvugu hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, tena maji ya juu yakipata moto hayachanganyiki kirahisi na ya chini, kwa hiyo kilindini hewa huisha. Uduvi wa ziwani huvumilia hali hiyo. Wengine wengi hawawezi.

Kwa sasa mimi nauona uchafu ndio mbaya zaidi, maana ndio unaofika kwanza ufukweni. Ila kuutenganisha na joto ni kazi: sianobakteria wale wale hustawi zaidi maji yakipata moto.