Muziki wa udi kwenye chumba cha kuosha damu, uzoefu wangu wa miezi mitano

Mi naoshwa damu (dialisisi, mashine inafanya kazi ya figo) mara mbili kwa wiki hapa Mombasa, Jumanne na Ijumaa, huu mwaka wa tatu sasa. Watu wakiskia masaa 4 wanaona si mengi, hebu jaribu wewe kulala masaa 4 mkono mmoja umechomwa sindano mbili nene na huruhusiwi kuukunja, simu unaishika na mkono wa pili mpaka unachoka, tamthilia zote umeshamaliza, unaanza kuhesabu vigae vya ukutani (upande wa mlango viko 212). Sasa kuna vijana wawili wanakuja kutupigia taarabu pale pale vitandani, mmoja udi, ile ala ya nyuzi, mwengine dumbaki, ngoma ya mkono, na siku nyengine wanakuja na dada wa kuimba. Hatulipi kitu. Wenzangu wa zamu zengine wameniuliza kama inasaidia ama ni mapambo tu ndo maana naandika.

Siku ya kwanza sikupenda kabisa. Walikuja saa ya kwanza, ule wakati masista wanakimbia huku na huku kuunganisha watu, mashine zinalia kila upande, mwenye mpira wa shingoni wa kuoshea damu anafunguliwa na hapo kila aliye karibu anatakiwa avae barakoa, na wao wamesimama katikati ya njia na spika. Spika jamani! Chumba cha vitanda 9. Ammi wa kitanda cha jirani akajifunika shuka mpaka kichwani. Alafu nyimbo zenyewe za kuachwa na kuagana, sijui nani aliwaambia mgonjwa anataka kulizwa.

Tukalalamika, na hapa nawapa haki yao, walisikia. Spika haijarudi tena na siku hizi wanaingia saa ya tatu. Aliyewahi kuoshwa anajua hio saa ya tatu ikoje. Mi huwa naingia na kilo mbili hivi za maji ya ziada, mashine inayavuta kwenye damu haraka kuliko mwili unavyowahi kujaza, ndo presha inashuka, mguu unakaza, unaangalia saa kila dakika mbili. Nisidanganye mtu, udi haujawahi kuniachisha mguu kukaza, ni sista ndo anakuja kupunguza kasi na kuusukuma unyayo. Lakini yule kijana wa udi ana macho. Akiona mtu ameuma meno anashusha, anarudia pale pale polepole polepole mpaka inapita ndo anaendelea. Simu haikuangalii usoni.

Na simu kila mtu alikua na vidude vyake masikioni. Yule ammi nimelala ubavuni mwake karibu mwaka mzima, salamu na kwaheri, sikujua kama ni mtu wa Lamu wala kama ujanani alikua akiimba harusini, mpaka siku alipoudaka wimbo katikati, sauti imekauka maana maji ya kunywa tunapimiwa, na hakuna aliyekohoa.

Kutunza, yaani kuinuka kumpa mwimbaji pesa, ndo shida. Taarabu bila kutunza ni taarabu gani, na utainuka vipi na mipira imekufunga? Mama mmoja alimtuma mwanawe na noti, wenye hospitali wakakataza pesa. Makofi nayo hayapigiki kwa mkono mmoja, kwa hivo tunapiga paja, tunaalika vidole, kina mama wanamalizia na vigelegele. Siku moja dada akaimba ubeti una madafu na ndizi mbivu, vitu ambavyo sisi ni marufuku kwa ajili ya potasiamu, madini ambayo yakizidi kwenye damu yanaweza kukusimamisha moyo, basi tulivyocheka mikono ikasogea na mashine mbili zikaanza kulia. Sista mkubwa hakufurahi hata kidogo.

Ila nnachokikumbuka zaidi ni siku yule wa dumbaki alipofika mapema kabla sijachomwa. Fistula yangu, ule mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa upasuaji ndo unachomwa sindano, inanguruma, ukiweka sikio inafanya vuu, vuu, vuu, ndivo unavyojua haijaziba. Akaomba asikie. Akasikiliza kama dakika nzima, saa ya tatu ilipofika akaanza kupiga kwa mwendo ule ule, wengine hawakujua, mimi na yeye tu. Mashine yangu huwekwa 300, mililita 300 za damu kila dakika, nikapiga hesabu pale kitandani: wimbo wa robo saa ni lita 4 na nusu zishatoka nje na kurudi, karibu damu yote nilonayo.

Mabaya yaliobaki. Zamu ya jioni hawapati kitu na wao ndo wanaotoka kazini wamechoka. Ijumaa pia hakuna. Na hawapiti kuuliza kitanda kwa kitanda kabla ya kuanza, kuna anayetaka kulala, kuna mwenye Qurani yake kwenye simu, kuna mama aliomba nyimbo za kanisani wakawa wanaijua moja tu, wakairudia mara tatu mpaka akasema basi wanangu asanteni.

Nawapa nyota 4. Kama unahamia zamu yetu ya Jumanne, mwambie sista akuweke kitanda cha dirishani, huko mlangoni feni inamezea udi na utaambulia dumbaki tu.