Ekseli ya Nyuma ya Gari la Rali: Ipime Kabla Hujalipa

Mwaka jana nilinunua Mombasa ekseli "iliyoimarishwa tayari". Mabamba mazito yamechomelewa juu na chini, rangi nyeusi inameta. Niliifunga kwenye Ford Escort yangu hapa Malindi, nikaenda nayo Marafa mara mbili tu, breki ya kushoto ikagoma kushika. Kufungua dramu, lainingi zimelowa oili na sili inayozuia oili isivuje imelika upande mmoja. Fundi aliilaza ekseli benchini, akavuta uzi ncha hadi ncha. Imepinda!

Wanunuzi huuliza meno ya difu, zile gia za katikati ya ekseli, hawaulizi kama kasha, yaani bomba la nje la ekseli, limenyooka. Chuma kilichochomelewa kikipoa husinyaa, na bomba hufuata. Kuanzia hapo hafushafti, ile shafti ya ndani inayozungusha gurudumu, inazunguka kwa upogo, beringi na sili zinakwisha, na utabadilisha hadi uchoke. Fundi anayejua hulibana kasha kwenye fremu, huchomelea vipande vifupi kwa zamu, huku na huku, na huacha chuma kipoe. Kwa hiyo nenda na uzi na futi ya kupimia. Kama iko kwenye gari, pima kati ya rimu za nyuma, mbele ya ekseli kisha nyuma yake, halafu zungusha magurudumu nusu mzunguko upime tena. Tofauti ikizidi milimita mbili, mimi naiacha.

Katika kuchagua ekseli, ya kwanza kwangu ni ya Toyota Hilux ya zamani, na sitafuti cha kuilinganisha nayo. Difu yake ya inchi 8 hutolewa kwa mbele ikiwa nzima, na spea zake zimejaa Pwani. Ni nzito, na lazima ikatwe ifupike iingie Escort, basi mkataji awe wa kuaminika.

Ya pili ni Atlas ya Ford, imara kweli, ila spea zake huku ni za kuagiza. Ya tatu ni ya Datsun, H190. Ekseli ya kawaida ya Escort ni rahisi, inafaa mazoezi.

Ukiwa na pesa, weka habu zinazobebwa na kasha lenyewe. Hafushafti ikikatika, gurudumu halichomoki.

Kinachoniuma ni bei. Ekseli ileile ukisema ni ya pikapu ya kubebea mchanga, unatajiwa bei ya kawaida. Tamka "rali", inapanda maradufu papo hapo. Yule aliyeniuzia nilipompigia alisema chuma kikishatoka dukani si chake. Mabamba yale aliyachomelea yeye mwenyewe.