Mkato Kamili au Nusu Mkato?

Katika karakana za Shimanzi, Mombasa, ubishi huu wa michoro ya kiufundi hauishi: kitu kichorwe kana kwamba kimekatwa chote ili ndani ionekane (mkato kamili), au upande mmoja tu (nusu mkato)? Mkato kamili hula muda zaidi, kwa kuwa mistari ya mshazari ya nyuzi 45 hujaza sehemu zote ngumu zilizokatwa katika umbo zima, na anayesahau kwamba bolti iliyokatwa kwa urefu haitiwi mistari hiyo hufuta mpaka karatasi ichakae. Nusu mkato huondoa robo tu ya kitu, ukaonyesha ndani na nje kwa pamoja, ila hudai umbo lenye ulinganifu, na mstari wa kipimo cha kipenyo cha tundu hubaki na mshale mmoja badala ya miwili, jambo linalomtatiza mkerezaji mgeni. Kwa puli ningechagua nusu. Kwa kasha la pampu lisilolingana pande zake, kamili.