Tela la bodi nyuma ya Hilux: uzoefu wangu Dar hadi Makambako

Nakodisha maturubai na viti vya sherehe, na kwa miaka mitatu nimevuta tela la wazi kwa Hilux yangu ya dizeli. Masika haya nilipata kazi Makambako, nikakodi tela la bodi la kufunga ili mzigo usilowe. Upana mita 2, kimo cha bodi mita 2.1, mbele bapa kama ukuta. Mwenye tela alinitajia uzito tu: pamoja na mzigo, kilo 1,300. Kwenye tela la wazi huwa nafika 1,500, kwa hiyo nikaona nimepata nafuu.

Nafuu hiyo iliisha kabla ya Chalinze. Barabara tambarare, lakini kila nikikaribia kilomita 100 kwa saa injini inadai gia ya chini, na mshale wa joto ukapanda kuliko nilivyozoea. Tela la wazi hunipa kilomita 8 kwa lita; hapa nilipata 6. Nikashuka hadi 80, gari likatulia.

Sababu ni upepo. Kutoka 80 hadi 100, upinzani wa hewa unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na nguvu inayotakiwa kuushinda inakaribia mara mbili. Tela la wazi limejificha nyuma ya kabini. Hili linapita juu yake na kukinga upepo kama tanga. Ford wa Marekani, katika miongozo yao ya kuvuta, huweka kikomo cha ukubwa wa uso wa tela, si kilo peke yake. Natamani kila anayekodisha tela angemwambia mteja hivyo.

Kwenye mlima wa Kitonga, ajabu, tela halikunisumbua. Unapopanda polepole nyuma ya malori, kinachokuelemea ni uzito, na uzito ulikuwa mdogo. Shida ilirudi karibu na Makambako, upepo wa ubavuni ukaliyumbisha tela hadi nikashuka 60.

Nilirudi na tela karibu tupu, mzigo ukabaki kwa sherehe ya pili. Kati ya Morogoro na Chalinze nikajaribu tena 100: kilomita 6 na kidogo kwa lita. Kilo zimeshuka, uso ni uleule!

Kwa upande wa tela lenyewe, breki ni nzuri na halikuingiza hata tone la maji. Ningelipenda zaidi kama mbele pangechongwa mshazari. Masika nitalikodi tena, kwa mwendo wa 80. Kiangazi navuta la wazi, mzigo ukiwa chini ya usawa wa kabini na turubai limekazwa.