Darubini ya babu na fundi aliyenipa feri mbili

Kabla sijaeleza chochote, yule kijana wa kutengeneza darubini kwenye kichochoro kimoja nyuma ya Digo Road, msimpelekee kitu. Hata saa ya ukutani msimpelekee. Jina sitaji, nimelelewa.

Darubini yenyewe, ile ya macho mawili, ilikuwa ya marehemu babu. Alikuwa akiwabebea wazungu bunduki huko Galana, na serikali ilipopiga marufuku uwindaji 1977 bosi wake akafunga virago, akamwachia hiyo badala ya mshahara wa mwisho, na babu mpaka anakufa alikuwa akisema bora angepewa pesa. Ni nzito kama jiwe la kusagia na ngozi yake ishabanduka lakini vioo vyake weee! Mimi siwindi. Mimi naenda kuangalia ndege hori ya Mida kule Watamu maji yakipwa, wale weupe kwa weusi wenye mdomo mnene wanaokula kaa, na siku nikipata gari la bure napanda Shimba Hills kutafuta palahala, yule swala mkubwa wa pembe ndefu.

Sasa hewa yetu hii ya chumvi mnaijua. Niliisahau kabatini ndani ya mkoba wake masika yote, kuja kuitoa kioo cha kushoto kimeota kuvu kwa ndani, nyuzinyuzi kama utando wa buibui, na lile gurudumu la katikati halizunguki, grisi imegandana kama halua ya juzi. Nikaulizia, nikaelekezwa kwa huyo kijana. Sikumbuki ilikuwa tarehe ngapi ila mahamri hayakuwa yakiuzwa asubuhi, kwa hivyo ni Ramadhani.

Hakunisalimia. Ana kidude sikio moja, akaichukua, akaigeuza, akainusa, wallahi aliinusa, kisha akaniambia, "Mama, kwani huku Mombasa wawinda nini, kunguru?" Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nina wajukuu rika lake! Nikameza mate, swaumu isije ikaharibika, nikamwambia mwanangu sema tu waweza ama huwezi. Akasema hiyo ni kazi ya nusu saa. Akachukua elfu moja na mia tano kabla hata sijakaa.

Nusu saa hiyo ikaenda mpaka baada ya Idi. Njoo kesho, njoo Jumatatu, mwenye bisibisi ndogo kasafiri. Siku aliponipa nikaona vioo vinang'aa kweli, kuvu hakuna, gurudumu linateleza, na mimi kwa haraka zangu nikamuombea dua pale pale. Dua yangu nairudisha.

Maana nilipofika Likoni nikasema nijaribu kabla ya kuvuka. Nikaweka machoni. Feri mbili! Moja iko juu ya nyingine kidogo, imelala upande. Watu tunalia kila siku feri hazitoshi, kumbe dawa ninayo mkobani. Nikifumba jicho la kushoto feri moja, nikifumba la kulia feri moja, nikifungua yote mawili zinarudi mbili, na kichwa kikaanza kugonga mpaka nikashika chuma nisianguke.

Kesho yake nikarudi kwa kijana, na hapa ndipo aliponimaliza. Hakuiangalia. Alisema, "Ni macho yako mama, kapimwe." Na mimi mjinga kwa vile nina sukari nikaogopa, nikaenda kulipa daktari wa macho. Daktari akacheka, akasema macho mazima, ni ile mirija miwili ya darubini haiangalii mahali pamoja, ubongo unajaribu kuziunganisha picha kwa nguvu ndiyo kichwa kinauma. Katikati hapo nikanunua mpya ya plastiki, zile za vioo vyekundu, mambo ya jioni ni giza tupu na palahala ana rangi ya kisamvu. Nimempa mjukuu achezee.

Nikarudi mara ya tatu, nimejiandaa maneno njia nzima. Nikamkuta mzee amekaa pale, kumbe babake, alikuwa mgonjwa miezi hiyo yote. Shikamoo, marahaba. Akaweka jichoni mara moja tu, akamgeukia kijana, "Nani katoa prizimu?" Kijana kimya. Ndipo nikaelezwa, kila upande una vioo viwili vya pembe tatu ndani, kijana alivitoa kusafisha akavirudisha bila kuweka alama, na kikipinda unywele tu basi jicho moja laangalia feri jingine laangalia Mtongwe.

Tukatoka mpaka barabarani. Mzee akatafuta mnara wa msikiti wenye mwezi juu, akawa analegeza viskurubu robo, tena robo ya robo, ananipa niangalie. Sasa? Bado miwili. Sasa? Imekaribiana. Akaniambia na hii mama ukitafutia mwezi wa Idi utakula sikukuu mara mbili. Nilicheka wakati sikutaka kucheka. Adhana ya alasiri ikatukuta hapo hapo, mwezi ukawa mmoja. Pesa akakataa, akamtuma kijana aniletee chai, na kijana akaniletea kwa mikono miwili, macho chini.

Kwa hivyo sijui niseme nini. Darubini sasa ni safi kuliko alivyoiacha babu, isipokuwa nikielekea jua kuna ukungu wa mafuta upande wa kushoto, hayo ni yale ya kupulizia ambayo kijana alimwaga kwenye gurudumu. Mzee amesema atausafisha nikimletea tena. Nitamletea. Ila yeye huwa yuko asubuhi tu na si kila siku, ukifika ukamkuta kijana peke yake na kidude chake sikioni, kanywe dafu urudi siku nyingine.