TAHADHARI: Nakala za michoro "zilizochorwa kwa mkono", mimi nimeshalizwa

Jamani, naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe. Mwezi uliopita niliagiza nakala ya Composition VIII, mchoro maarufu wa mchoraji Kandinsky, kwa ajili ya sebule, kwa muuzaji mmoja wa Instagram hapa Dar. Tulikubaliana ichorwe kwa mkono, rangi ya akriliki, sentimita 70 kwa 100, laki na themanini. Nikatuma kianzio laki na ishirini, iliyobaki nikamkabidhi bodaboda getini kabla sijafungua mzigo. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Kilichokuja ni picha ya printa, 60 kwa 80, imepakwa jeli inayong'aa juu ili ionekane ina alama za brashi. Kwa mbali imekubali kabisa. Sasa zima taa, washa tochi ya simu, imulike kwa ubavuni: mistari ya brashi inakwenda upande mmoja tu, inapita juu ya duara, juu ya pembetatu, haijali rangi inaishia wapi. Anayechora kweli, brashi yake hugeuka pale rangi inapogeuka. Nikachukua pamba yenye maji nikasugua pembeni ambako jeli haikufika, pamba ikatoka ya bluu. Akriliki ikishakauka haitoki kwa maji! Na lile duara kubwa jeusi la juu kushoto, ambalo ndilo lililonifanya niipende picha, nusu yake imekunjiwa nyuma ya fremu.

Sina ugomvi na nakala. Mchoro wenyewe wa 1923 uko kwenye makumbusho ya Guggenheim, New York, una upana wa kama mita 2, na sikutegemea kuupata kwa laki na themanini. Kilichonichekesha katikati ya machungu ni cheti kilichoambatanishwa, eti nakala hii imetokana na "akriliki halisi ya msanii". Kandinsky aliuchora kwa rangi ya mafuta, akafariki 1944. Akriliki za maji za wachoraji zimeanza kuuzwa miaka ya 1950.

Alinipa na stika za kutundikia, "hazitoboi ukuta dada". Siku ya nne, usiku wa manane, puu! Stika imebanduka na ganda la rangi ya ukuta, na fremu imeachia kona kwa sababu ilipigwa pini za stepla tu, hata gundi hakuna. Kwenye ukuta wa bloku toboa kwa drili, weka plagi na skrubu mbili, yaishe.

Ameshanibloku. Ukurasa umebadilishwa jina, lakini video ya "mchoraji wetu kazini" ni ileile: mkono wa kushoto wenye pete ya fedha, brashi zimesimama kwenye kopo la Blue Band. Ukikutana nayo, mwambie akurekodie mchoro wako ukiwa haujaisha, na karatasi yenye jina lako pembeni. Nilimwomba hivyo kwa namba ya shemeji yangu. Alisoma, tiki zikawa za bluu, hadi leo kimya.