Diski za NAS kwa seva za pamoja: soma herufi za mwisho kabla hujatuma hela

Malalamiko ya wasomaji wa Tabora na Kigoma yanafanana. Seva pepe tatu au nne (seva za kiprogramu, si mashine halisi) zinatumia NAS moja, yaani sanduku la diski la kwenye mtandao, mambo yanakwenda vizuri kwa miezi, kisha diski moja inakufa. Inachomekwa mpya, RAID (mpangilio wa diski kadhaa ili moja ikifa data isipotee) inaanza kujijenga upya, na seva zote zinaganda. Lawama zinaenda kwa NAS, swichi, hata waya wa mtandao. Mara nyingi kosa liko kwenye diski yenyewe: ni ya SMR, yaani inaandika data kwa mistari inayolaliana.

Ukubwa na kasi ya mzunguko muuzaji atakutajia mwenyewe. Hili la SMR halitaji.

Kwenye SMR mistari ya data inalaliana kama mabati ya paa: kubadili bati la chini lazima ung'oe la juu yake. Ukiandika juu ya data ya zamani, diski inalazimika kuandika upya ukanda mzima. Kuna eneo dogo la kache lisilolaliana linalopokea data kwanza, ndiyo maana diski ikiwa mpya inaonekana nyepesi. Seva pepe zinaandika vipande vidogo huku na kule bila kupumzika. Kache ikijaa, kasi inaporomoka. Wakati wa kujenga upya RAID hali ni mbaya zaidi: diski inachelewa kujibu, ZFS (programu inayosimamia diski kwenye NAS nyingi) inaihesabu imekufa na kuitoa. Jaribio moja lililochapishwa 2020 lilionyesha diski ya SMR ya 4TB ikichukua zaidi ya siku 9 kujengwa upya, wakati za CMR, yaani zisizolaliana, zilimaliza chini ya siku moja. Siku 9 bila kinga kwenye RAID 5, inayovumilia kufa kwa diski moja tu, na umeme wetu huu!

Namba moja ni Seagate IronWolf, na siombi radhi kwa upendeleo huu. IronWolf zote ni CMR, kwa hiyo hata asiyejua kusoma lebo hakosei. Dhamana ni miaka 3. Nunua moja ya ziada uiweke kabatini, maana diski ikifa Kigoma, mbadala wa kutoka Dar haufiki jioni ile.

Namba mbili, WD Red Plus. Ni nzuri, ila jina linachanganya. WD Red ya kawaida ya 2TB hadi 6TB yenye herufi EFAX ni SMR. Kampuni ilikiri 2020 baada ya wateja kugundua wenyewe. Kwa 4TB, WD40EFAX iache. WD40EFRX, WD40EFZX na WD40EFPX ni CMR, chukua.

Namba tatu, Toshiba N300. Ni CMR, lakini inazunguka 7200 kwa dakika, inapiga kelele na kutoa joto. Oktoba ya Tabora ndani ya chumba kisicho na kiyoyozi, weka feni ya NAS kwenye kasi ya juu.

BarraCuda ST4000DM004 na WD Blue WD40EZAZ ni rahisi, na zote SMR. Ni za kompyuta ya mezani.

Kinachoudhi ni wauzaji. Tangazo linasema "WD Red 4TB" na picha ya boksi iliyotolewa mtandaoni. Ukiuliza modeli kamili, jibu ni "ni ya NAS hiyo, bosi". Bei ni ya CMR, mzigo ni SMR, na ukishaufungua hawaupokei tena. Usitume hela kabla ya kupata picha ya lebo ya diski yenyewe, na modeli nzima iandikwe kwenye risiti.

Ikifika, ichomeke kwenye Linux kabla ya kuiweka NAS. Endesha `smartctl -i /dev/sdX` (badala ya X weka herufi ya diski hiyo). Diski ya kuzunguka ikionyesha "TRIM Command: Available", ni SMR. Isipoonyesha, bado hujapona, kwa sababu baadhi ya SMR za Seagate hazionyeshi. Malizia na hili, linalofuta kila kitu kilichomo:

`fio --name=jaribio --filename=/dev/sdX --rw=randwrite --bs=4k --direct=1 --time_based --runtime=3600`

Angalia IOPS, yaani idadi ya maandiko kwa sekunde, saa nzima. CMR inabaki palepale tangu mwanzo. SMR inaanza juu, halafu inaanguka na kusimama kwa sekunde kadhaa. Ukiona hivyo, piga picha skrini na uirudishe pamoja na risiti.